Familia ya Kimisionari Ikija Kusaidia Shuleni: Namna ya Kuipokea Huku Kwetu Dodoma

Parokia nyingi za huku Dodoma zina ndugu ng'ambo. Dayosisi ya Kianglikana ya Central Tanganyika ilipoanza mwaka 1927, askofu wake wa kwanza, George Chambers, alitoka Australia, na undugu ule haujakatika hadi leo. Wengine wana marafiki Uingereza, wengine Marekani, wengine Ujerumani. Kwa hiyo si jambo geni mchungaji kusimama Jumapili wakati wa matangazo akasema kuna familia, baba, mama na watoto wao, wameandika kuomba kuja kutumika katika shule zetu wakati wa likizo yao. Kanisa zima hupiga makofi. Baada ya makofi, kazi yote huangukia watu wachache: kamati ya wageni, mwalimu mkuu, na akina mama wawili watatu wa jikoni.

Nawaandikia hao wachache. Nimefundisha darasa la kwanza na la pili miaka mingi katika shule za msingi za wilaya ya Chamwino, na tangu nistaafu nimo katika kamati ya wageni ya parokia yetu. Wageni hawa nimewapokea nikiwa ndani ya darasa, nimewapokea pia nikiwa nje yake. Jambo ninalolishikilia ni hili: mwalimu atakayebaki shuleni ndiye mwenye kazi, na familia inayokuja ni mikono yake ya ziada. Mkilipanga hilo mapema, mengine yote yanapata mahali pake.

Anzeni shuleni

Kabla hamjajibu barua ya wageni, nendeni kwa mwalimu mkuu. Msiende na orodha ya mambo ambayo wageni wanataka kufanya. Sisi watu wa huku tuna adabu ya kutomkatalia mgeni. Ukimwambia mwalimu mkuu kwamba kuna watu wanataka kupaka rangi madarasa, atasema karibuni sana, hata kama kinachomnyima usingizi ni watoto wa darasa la tatu wasiojua kusoma. Mwulizeni hivi: "Mwalimu, ukipewa watu wazima wawili na watoto wao kwa siku kumi, ungewapa kazi gani?" Kisha mwacheni wiki nzima akae na walimu wake. Jibu la siku ile ile ni la heshima tu. Jibu la wiki ijayo ndilo lenye kazi ndani yake.

Mtakayoyasikia yatatofautiana. Shule moja itaomba zana za kufundishia madarasa ya chini. Nyingine madawati yake yamevunjika na hakuna wa kuyaunganisha. Nyingine ina vyoo lakini haina mahali pa kunawia mikono. Shule ya sekondari karibu kila mara itaomba mtu wa kuzungumza Kiingereza na wanafunzi, na ombi hilo lina sababu yake: mtoto wa kijijini amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili miaka yote, anaingia kidato cha kwanza na ghafla kila somo ni Kiingereza, wakati hajawahi kukaa na mtu akazungumza lugha hiyo hata dakika kumi.

Hapo mjue pia wageni wenu wanaweza nini. Mwandikieni baba na mama kila mmoja aeleze kazi yake ya nyumbani. Fundi seremala, muuguzi, mwalimu wa watoto wenye mahitaji maalumu, mhasibu, kila mmoja ana pa kuwekwa. Wilayani kwetu ipo Shule ya Wasioona ya Buigiri, iliyoanzishwa na kanisa mwaka 1950. Mgeni anayejua maandishi ya nukta nundu akipelekwa kushika brashi ya rangi mahali pengine, tumepoteza kitu.

Tarehe

Hapa ndipo mipango mingi inapoharibikia, kwa sababu kalenda yao si yetu. Mwaka wetu wa masomo unaanza Januari. Muhula wa kwanza unakwisha mapema Juni, wa pili unaanza Julai na kufungwa mwanzoni mwa Desemba. Ndugu wa Australia wana likizo yao ndefu Desemba na Januari, ndiyo majira yao ya joto. Wakija Desemba watakuta mageti yamefungwa na walimu wamekwenda kwao. Wa Ulaya na Marekani wana likizo kuanzia Juni hadi Agosti. Wakija katikati ya Juni, hali ni hiyo hiyo.

Mimi napendekeza kati ya nusu ya pili ya Julai na katikati ya Agosti. Shule zimeshafunguliwa na mahudhurio yametulia. Mavuno yamekwisha, kwa hiyo nyumbani kuna chakula na mama hapati shida ya kumkaribisha mtu. Makorongo yamekauka, gari linafika hata vijiji ambavyo Februari havifikiki. Waambieni tu kwamba Julai Dodoma ina upepo, vumbi, na baridi ya alfajiri; wengi huja wamefungasha nguo nyepesi wakidhani Afrika yote ni joto.

Septemba kataeni. Darasa la saba wanafanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, na shule nzima inatembea kwa kunyata. Oktoba darasa la nne wana upimaji wao, Novemba kidato cha nne wana mtihani wa taifa. Mwezi Oktoba na Novemba maji nayo huwa taabu, na familia ya watu watano inatumia madumu mengi.

Vibali na barua

Viza ya utalii haimruhusu mtu kufanya kazi, hata ya kujitolea isiyo na mshahara. Wamisionari na watu wa kujitolea wanaokaa muda mrefu hupewa kibali cha ukaazi daraja C, na taasisi inayowapokea ndiyo inayohusika na maombi. Ziara fupi ina utaratibu wake. Kwa hiyo nendeni Uhamiaji pamoja na mhusika wa ofisi ya dayosisi, mkiwa na majina, tarehe na maelezo ya kazi, kabla wageni hawajakata tiketi. Kabla, si baada. Familia iliyokwisha kulipa nauli ya watu watano haisikilizi tena shauri lolote.

Kama shule ni ya serikali, mchungaji na mwalimu mkuu hawatoshi kuamua. Andikeni kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, barua ipitie kwa Afisa Elimu wa Msingi au wa Sekondari, nakala kwa Afisa Elimu Kata na Mtendaji wa Kijiji. Elezeni ni akina nani, wanatoka wapi, watafanya nini, darasa lipi, tarehe zipi. Shule nyingi tunazoziita za misheni huku kwetu zilichukuliwa na serikali baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969. Wazee wa kanisa bado huziita zetu kwa mapenzi, lakini mwenye mamlaka ni halmashauri.

Na jambo la dini lisemwe wazi kwenye barua hiyo hiyo. Shule za serikali zina vipindi vya dini, na kila mtoto huenda kwa mwalimu wa imani yake. Mgeni akitaka kufundisha Biblia, afundishe ndani ya kipindi hicho, kwa watoto wa Kikristo, akiwa na mwalimu wa dini. Saa ya hesabu ni ya hesabu. Wazazi Waislamu waliotuamini na watoto wao wasije wakasikia kwamba mtoto amefundishwa sala yetu akiwa kwenye somo la sayansi. Nimewahi kukaa na imamu wa kijiji kwenye kamati ya shule, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuleta kiti kwa mama mgeni, kwa sababu tulimweleza kila kitu mapema.

Ulinzi wa watoto

Hili halina upole. Kila mtu mzima atakayeingia shuleni alete cheti cha polisi cha nchi yake kinachoonyesha hana makosa ya jinai, pamoja na barua ya mchungaji wake. Mgeni asiwe peke yake na mtoto mahali palipofungwa, hata akiwa mtu mwema kiasi gani. Asimpe mwanafunzi namba ya simu. Asimbebe mtoto kwenye gari bila mwalimu. Mtoto akimweleza jambo zito la nyumbani, amwambie mwalimu mkuu siku hiyo hiyo, na kamati yote ijue namba ya huduma kwa watoto, 116, ambayo inapigwa bila malipo.

Picha nazo zina utaratibu. Tuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Lakini hata bila sheria, mzazi wa mtoto anayepigwa picha akiwa na kamasi na shati lililochanika ana haki ya kuulizwa. Huku kwetu tumeweka hivi: mwalimu mmoja anachagua siku moja ya picha, wazazi wanaarifiwa kupitia kwa wanafunzi na kwenye mkutano, watoto wanakuja wameoga na sare zimefuliwa, na picha za siku hiyo ndizo zinazokwenda ng'ambo. Siku nyingine simu zinabaki mfukoni. Na jina la mtoto na la kijiji visiandikwe chini ya picha.

Barua yenu ya majibu

Iwe ya ukurasa mmoja na nusu. Waelezeni kazi ambayo shule imeiomba, tarehe, vibali, na gharama za chakula, malazi na usafiri kwa siku. Gharama zisemwe kwa takwimu. Aibu ya kutaja fedha huzaa ugomvi baadaye. Waambieni mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, wasifungashie vitu humo. Waambieni mama na binti waje na sketi ndefu au vitenge, baba asije darasani na kaptula. Kutoka Dar es Salaam wapande treni ya umeme, ni safari ya muda wa saa 4 hivi, na watoto wao wanaiona nchi kwa madirisha badala ya kubanwa kwenye gari mchana kutwa.

Kisha waombeni wafanye jambo moja kabla ya kusafiri: watoto wao wajifunze irabu tano, a, e, i, o, u, pamoja na salamu. Nitaeleza sababu.

Siku ya kwanza

Msiwapeleke darasani. Asubuhi pitieni ofisi ya kijiji, wasalimie, wasaini kitabu cha wageni. Halafu shuleni, kitabu cha wageni tena. Wengine huona ni kusumbuliwa. Waelezeni kwamba mtu aliyesaini amekuwa mgeni wa kijiji kizima, na kijiji kizima kinamlinda. Mstarini, baada ya wimbo wa taifa, mwalimu wa zamu awatambulishe kwa maneno machache. Hotuba ndefu za baba mgeni kupitia kwa mkalimani, huku watoto wamesimama juani, ziepukwe.

Mama aitwe kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama tunavyoitana sisi. Inamwondolea umheshimiwa, na wanawake wa kijiji wanapata pa kuanzia mazungumzo. Watoto wao wafundishwe kumwamkia kila mtu mzima shikamoo bila kuchagua, na wazazi wao wajue kuitikia marahaba, kwa maana wanafunzi watawaamkia njia nzima. Kwa wazee wa Kigogo, "mbukwenyi" moja tu iliyosemwa kwa moyo inafungua nyumba.

Siku hiyo wakae na walimu ofisini, wanywe chai ya saa nne pamoja, waone ratiba, wachukue vipindi vyao. Kesho yake wakae nyuma ya darasa wakitazama tu. Siku ya tatu ndipo waanze.

Darasani

Darasa la pili la huku kwetu linaweza kuwa na watoto 80 na mwalimu mmoja. Katika hao, ishirini wanasoma vizuri, wengi wanajikongoja, na wapo kumi ambao wameshika kitabu na macho yako dirishani. Mwalimu anawajua hao kumi kwa majina, anajua nani anakuja bila kula na nani anachunga mbuzi jioni. Asichokuwa nacho ni muda wa kukaa nao.

Hapo ndipo familia inapofaa kuliko mahali pengine popote. Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa. Mgeni aliyejifunza irabu tano na konsonanti zetu anaweza kumsikiliza mtoto akisoma kadi ya silabi na kujua kama amepatia, hata kama haelewi maana ya neno. Kwa hiyo tunafanya hivi. Mwalimu anaandaa andalio la somo lake kama kawaida na kuandika humo kundi lipi litakwenda na mgeni, kwa silabi zipi, kwa dakika ngapi. Jioni iliyotangulia, familia yote inakaa na mwalimu kukata karatasi za manila na kuandika kadi kwa kalamu nene: ba, be, bi, bo, bu, kisha mba, mbe, kisha maneno, baba, embe, kibuyu. Mwandiko uwe wa shule, a ya kawaida ya watoto, si ile ya kompyuta. Kadi zinabaki shuleni kwenye boksi lililoandikwa darasa na somo.

Kipindi kikianza, mwalimu anabaki na darasa, na mama mgeni anatoka na watoto wanne chini ya mwarobaini na mkeka. Wanne, wasizidi sita. Mkalimani akae karibu lakini asiwasomee.

Nilimwona mvulana wa miaka tisa hivi, mtoto wa wageni, ameketi kwenye mkeka ule na kadi za ng'o na ng'a. Kila akijaribu anatoa sauti nyingine. Binti mmoja wa darasa la pili, ambaye tangu Januari hakuwa amefungua kinywa chake darasani, alimshika shavu akamwambia, "Siyo hivyo, tazama mdomo wangu." Akarudia: ng'ombe. Mvulana akarudia. Binti akatikisa kichwa, akarudia tena, mpaka akapatia, na wale wengine wakapiga makofi. Mwalimu wake alikuwa amesimama mlangoni. Wiki iliyofuata alimpa yule binti kazi ya kuongoza kundi lake kusoma kadi, na aliongoza. Watoto wa wageni wanafanya kazi ambayo wazazi wao hawawezi, kwa sababu mwanafunzi wetu hamwogopi mtoto mwenzake, na mtu anayemfundisha mwenziwe hujifunza mara mbili. Ndiyo maana nasema irabu zianze nyumbani kwao.

Kwa sekondari, mgeni asichukue somo la fizikia au historia. Apewe vikundi vya mazungumzo, imla fupi, usomaji wa kupokezana, na mdahalo wa Ijumaa. Asirekebishe kila kosa. Mwanafunzi aachwe amalize sentensi yake, kisha mgeni airudie kwa usahihi kana kwamba anaitikia. Mwalimu wa Kiingereza awepo muda wote, maana na yeye anavuna kitu.

Mkalimani mtafuteni kijijini, kijana aliyemaliza kidato cha sita na yuko nyumbani, na alipwe posho. Mwambieni mgeni aseme sentensi moja fupi, anyamaze, atafsiriwe, aendelee.

Mgeni akiona jambo darasani lililomuumiza, mathalani mtoto ameadhibiwa, asimkabili mwalimu mbele ya watoto. Amweleze mwenyeji wake, na mwenyeji aongee na mwalimu mkuu siku hiyo hiyo. Jambo lisifichwe, lakini lipite njia yake.

Kazi za mikono

Kama shule imeomba madawati, fundi wa kijiji ndiye awe kiongozi, alipwe ujira wake, na baba mgeni awe msaidizi wake. Mbao na misumari vinunuliwe mjini Dodoma au Chamwino. Msimnyang'anye fundi riziki kwa sababu kuna mtu wa bure. Na dawati likivunjika mwakani, ni huyo fundi atakayeitwa.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni kibuyu chirizi, yaani dumu la kunawia mikono linaloinamishwa kwa mguu, kwa sababu haihitaji fedha, na watoto wanaijenga wenyewe. Huku kwetu ugonjwa wa macho wa trakoma umewatesa watu muda mrefu, nao huenda sambamba na vumbi, nzi, na nyuso zisizonawishwa. Maji ni haba, kwa hiyo bomba lisilo na maji halisaidii. Kibuyu chirizi kinatumia maji kidogo mno kwa mtoto mmoja.

Tafuteni nguzo mbili zenye panda, za mti mgumu, na sehemu itakayozikwa ipakwe oili chafu ili mchwa wasile. Zichimbieni kufika magotini mwa mtu mzima, ziachane kiasi cha hatua moja. Chukueni dumu la lita 5 lenye mfuniko, pasheni msumari moto, mtoboe tundu dogo ubavuni, upande usio na mkono, chini kidogo ya mfuniko. Pitisheni fito kwenye mkono wa dumu na kuilaza juu ya zile panda. Tobooni mfuniko, pitisheni kamba, mfunge fundo kwa ndani. Ncha ya pili ifungwe kwenye kijiti kilicholala chini, ndicho cha kukanyagia. Mtoto akikanyaga, dumu linainama, maji yanachirizika. Akiachia, linarudi. Sabuni itobolewe katikati na kuning'inizwa kwa kamba juu ya fito, ndani ya kopo lililokatwa ili kunguru wasiichukue. Chini mwageni kokoto, tope lisitokee.

Jengeni kimoja na watoto wa darasa la tano, halafu waachieni hao wajenge vilivyobaki karibu na vyoo na karibu na jiko, wageni wakiwapa tu vifaa. Kila kibuyu kiwe na zamu ya wanafunzi wawili wa kujaza maji, majina yakiandikwa ubaoni. Bila zamu, mwezi hauishi dumu limekauka.

Zawadi

Pipi, kalamu na mipira midogo visigawiwe mkononi. Mmoja akipata na mwenzake akakosa, mmeacha ugomvi, na mmewafundisha watoto kumkimbilia kila mgeni wakinyoosha mikono. Zawadi yoyote iende kwa mwalimu mkuu mbele ya mwenyekiti wa kamati ya shule, iandikwe kwenye leja, isainiwe.

Mwambieni mgeni asibebe masanduku ya vitabu na nguo kuukuu. Vitabu vya kiada vya shule zetu hutolewa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na vya kwao vinafaa zaidi maktaba ya sekondari kuliko darasa la tatu. Aje na fedha, anunue hapa mjini madaftari, chaki, manila, kamba za kuruka, mipira ya miguu. Na kama anataka kuwafurahisha watoto wote siku moja, anunue maharage na mafuta kwa ajili ya jiko la shule. Chakula cha mchana cha shule nyingi hutokana na michango ya wazazi, mahindi kwa debe na maharage kwa kilo, na mama aliyepima debe lake kwa uchungu atafurahi kusikia gunia limeongezeka.

Ahadi ndizo zinazoumiza zaidi. Mtu ameguswa, anamshika mtoto mkono, anamwambia, "Nitakusomesha." Yeye amesahau akifika kwao, mtoto anauliza kila akiona gari. Wekeni sharti tangu mwanzo: hakuna ahadi kwa mtoto wala kwa mzazi. Aliyeguswa aandike kwa kamati, na kamati itamjibu akiwa ameshafika kwao na ametulia.

Chakula, malazi na Jumapili

Wakae nyumba ya wageni ya parokia au kwa familia moja, wasihamishwe hamishwe. Vyandarua, maji yaliyochemshwa, choo kisafi, ndoo ya kuogea, hayo yanatosha. Ugali wa mtama na mlenda wauonje, lakini watoto wao wapatiwe wali, mayai na ndizi, wasije wakaugua kwa ajili ya heshima. Akina mama wanaopika walipwe kutoka kwenye gharama za wageni. Mchana wakiwa shuleni wasile sehemu ya wanafunzi. Chakula chao kibebwe kutoka nyumbani na kuliwa ofisini na walimu.

Jumapili wapewe nafasi ya salamu na wimbo mmoja. Waelezeni mapema kuhusu mnada baada ya ibada, kuku, mayai, karanga, mikungu ya ndizi inayotolewa sadaka na kupigwa mnada uwanjani. Wanapenda sana, na mikono huwa myepesi. Wanunue kwa bei inayokwenda sambamba na ya wengine. Kuku akifikishwa bei ya mbuzi, mzee aliyekuwa na elfu kumi yake anabaki ameikunja mfukoni, na yeye alikuja kumtolea Mungu.

Wakishaondoka

Ndani ya wiki mbili kamati ikutane na walimu, wageni wakiwa hawapo. Mwalimu aseme kundi lake la kusoma limefikia wapi. Vibuyu chirizi vihesabiwe, vinavyofanya kazi na vilivyoharibika. Leja ifunguliwe, kila kilichonunuliwa kionekane. Fedha zilizobaki zitajwe mbele ya wote. Andikeni taarifa ya kurasa mbili, nakala iende kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kwa dayosisi, na kwa ile familia, iseme na yale yaliyoshindikana. Picha zilizokubaliwa ziambatishwe.

Kisha mwulizeni mwalimu mkuu swali lile lile la kwanza, kwa ajili ya mwaka unaofuata. Akisema safari hii hahitaji mtu, andikeni hivyo kwenye barua, mwaelekeze wageni kwenye shule ya kijiji cha pili.